Miiba ya Saa Moja na Nusu

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye, iwe ofisi ya walimu, sokoni, hata kanisani kwenye foleni ya sadaka, ananiuliza swali lile lile: umepata au umekosa? Nikijibu kwa neno moja mtaridhika na kwenda zenu, na mimi nitabaki na safari nzima kifuani. Kwa hiyo nimeamua kuandika. Nakala nitaiacha juu ya kabati la chaki, asome anayetaka. Habari za viza, fomu na tiketi sitazigusa. Zilinichosha mara moja na inatosha.

Kwa asiyejua nilifuata nini: ni nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu katika chuo kimoja karibu na jiji la Washington, ada na posho juu yao. Kazi yenyewe ni kutengeneza mashine za bei nafuu za kupima gesi zinazoipasha dunia joto, yaani hewa ukaa na methani. Nafasi ilikuwa moja, na sisi tulioitwa kuonana nao, kila mmoja kwa wiki yake, tulikuwa watatu. Nina miaka thelathini na minane, nafundisha fizikia kidato cha tatu na cha nne, na nilijua mlango wa namna hiyo hautanifungukia mara mbili.

Kyela hadi Dar es Salaam

Mashine yangu wengi mnaijua. Ni ile ya maboksi mawili ya plastiki iliyosimama juu ya nguzo msimu mzima, pembeni ya jaruba la marehemu Mama Tusa. Ina kitundu cha kuvutia hewa, feni ndogo niliyoitoa kwenye kompyuta mbovu ya shule, na paneli ya sola ambayo fundi redio alinisaidia kuifunga. Kila dakika inanusa hewa na kuandika imekuta nini. Methani hutoka kwenye tope la mpunga. Hewa ukaa hutoka kwingi, pamoja na kwenye pua na midomo yetu.

Mama Tusa alinipa pembe ya shamba lake bure. Kila asubuhi alipokuja kuangalia maji alinisalimia mimi kwanza, kisha akainama mpaka mdomo ukakaribia kitundu, akaisalimia mashine. "Ugonile," anaiambia, yaani umelalaje, kana kwamba italeta majibu ya usiku. Wiki ya kwanza nilimwomba asiipumulie, maana kila akiinama grafu yangu inaruka juu kama mwiba.

"Kitu kinalala shambani kwangu peke yake usiku kucha," alinijibu, "halafu asubuhi nikipite kama kisiki?"

Kwetu hata mtu usiyemjua humpiti akiwa kazini bila kusimama. Nikaamua kuandika tu katika daftari kila alipokuja, saa ngapi na amesema nini. Siku nyingi ilikuwa kama saa moja na nusu. Mwezi wa tano, mpunga ukiwa umeanza kugeuka njano, tukamzika.

Basi nilipanda basi la Dar na mashine mapajani, nimeivika kanga. Mlima Kitonga tulikaa saa nne kwa sababu lori lilikuwa limelala katikati ya kona. Watu walishuka, wakanunua mahindi ya kuchoma na vitunguu ambavyo hawakuvihitaji. Mzee mmoja aliyekaa jirani yangu, mfanyabiashara wa viazi kutoka Makambako, alinidadisi nimebeba nini. Nikamweleza kwamba majaruba hutoa gesi, na mashine hii inaipima.

Akasema basi Wazungu wameishiwa vitu vya kutoza, sasa wanatafuta kodi ya ushuzi wa mashamba. Basi zima likacheka na mimi nikacheka. Lakini aliposhuka Chalinze aliniombea dua, akaniachia mahindi mawili.

Dar hadi Dulles

Ndege ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili ilituweka Addis Ababa muda mrefu kwa ajili ya mvua, na humo ndani walitugawia chakula mara tatu kwa saa ambazo tumbo langu halikuzitambua. Nilikula vyote. Sijawahi kuletewa chakula nikakikataa.

Uwanja wa Dulles ndipo safari iliponishika shati. Nilikuwa nimejaza kwenye karatasi kwamba nina chakula na kwamba nimetoka shambani, kwa kuwa nilifundishwa kusema kweli kwa watu wa mipakani. Wakanipeleka pembeni. Ofisa mmoja mnene, mpole, akavaa glavu na kuyafungua maboksi yangu. Ndani ya kitundu cha chini kulikuwa na tope kavu la Kyela, kama nusu kijiko. Alilikwangua kwa kijiti, akafuta kwa kitambaa chenye dawa, akakitia kitambaa kwenye mfuko na kuandika lebo. Sijawahi kuona tope letu likiheshimiwa namna ile.

Kisha akatoa mchele. Ulikuwa kilo sita, zawadi ya kumpelekea kaka yangu. Akasema hauwezi kuingia. Nikamweleza kwamba ule ni mchele wa Kyela, ukipikwa nyumba ya tatu wanajua. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema anasikitika, akauweka kwenye pipa la bluu. Hakuonyesha kuelewa uzito wa jambo.

Gaithersburg

Kaka yangu Ambokile, mtoto wa mama mdogo, anaishi Gaithersburg mwaka wa kumi na tatu sasa, anashughulika na kompyuta za hospitali. Alinipokea kwa kunikumbatia, na neno lake la kwanza lilikuwa mchele uko wapi. Nilipomweleza kuhusu pipa la bluu aliwasha gari tukaingia barabara kuu, na huko tulikwama kwenye foleni ya magari kwa muda wa kutosha kuomboleza.

Nyumba zao zimeshikana ukuta kwa ukuta, kila moja na mlango wa rangi yake, na mbele ya kila mlango wameweka maboga ambayo hakuna anayepanga kuyapika. Nilimuuliza wifi mara mbili kama ni kweli hawayali. Binti yao Neema, wa miaka tisa, anaelewa kila ninachosema na kunijibu kwa Kiingereza. Mimi "umekula?", yeye "I already ate, Aunty," na maisha yanaendelea.

Jumapili mchana, baada ya ibada na ndizi nyama, nilifungua kompyuta ili nimwonyeshe Ambokile nitakachowaonyesha wale wa chuo. Grafu ya hewa ukaa ilikuwa hiyo, miezi minne na nusu, na karibu kila asubuhi mwiba wake.

"Hizi ni nini, dada? Kila siku spike."

"Mama Tusa akisalimia."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Sasa ndiyo utawaambia hivyo? Wata-think hujui kutumia mashine yako mwenyewe. I-clean, dada. Wenzako wawili watakuja na grafu safi, wewe uje na ma-spike ya salamu?"

Ambokile ananipenda, na huko ameona watu wengi wakikataliwa kwa vitu vidogo. Mimi nami nilikuwa na haya yangu, nayasema wazi. Nilijiona nikisimama mbele ya maprofesa na kueleza kwamba mama mmoja alikuwa akiiamkia mashine yangu. Nikamimina chai, nikaanza kufuta mwiba mmoja baada ya mwingine. Kabla ya chakula cha jioni grafu ilikuwa imenyooka kama shuka iliyopigwa pasi. Ambokile akasema sasa hii ni ya professional. Nilijisikia vizuri, na hilo nalo nalisema.

Treni mbili na basi moja

Kutoka Gaithersburg hadi chuoni ni mbali, kwa hiyo Ambokile alikuwa amenitafutia chumba Hyattsville kwa Bi Mwanaidi, mama wa Kimombasa ambaye bintiye anafanya kazi na kaka. Jumatatu aliniacha kituo cha treni na maelekezo niliyoyaandika kwenye kiganja. Treni mbili nilizipanda vizuri. Basi nililikosea.

Nilijua nimelikosea pale nilipoanza kuona maghala matupu badala ya nyumba. Simu ilikuwa imezima. Mwanamume mmoja aliyekaa mbele, amevaa fulana ya kazi ya kubeba mizigo, alikuwa anaongea kwenye simu, na nikasikia Kiswahili. Nikasubiri amalize, nikamsabahi.

"Mama, hii bisi haiko inaenda kule," akaniambia baada ya kusoma kiganja changu. Alikuwa mtu wa Bukavu. "Tutashuka ku arrêt yenye iko mbele, nitakuonyesha ingine."

Tulishuka wote wawili. Nilidhani ndiko anakoshuka. Kumbe kwake kulikuwa bado mbele sana. Alishuka kwa ajili yangu, akasimama nami dakika ishirini kwenye upepo mpaka basi la kweli likaja. Nilimuuliza jina, akasema Baba Espoir. Nilimpa hindi la yule mzee wa viazi? Laiti lingefika, nililila Chalinze. Nilimpa asante tu, na akaipokea kana kwamba inatosha.

Bi Mwanaidi alifungua mlango kabla sijabisha mara ya pili. Anauguza wazee kwa zamu, mikono yake ina nguvu, na hakubali mtu aseme ameshiba.

"Keti, mwanangu, ule," akaniambia, na mbele yangu kukawa na mahamri na mbaazi za nazi. "Nazi ya mkebe hii. Hapa twala cha mkebe na twashukuru."

Nilimweleza habari za mchele wangu kwenye pipa la bluu. Yeye peke yake, katika nchi nzima ile, ndiye aliyeshika kifua kwa uchungu uliostahili.

Landover

Kabla ya kikao chenyewe wale wa chuo walitaka nishinde siku moja kazini na mmoja wa wanafunzi wao. Jina lake Inés, kwao Bolivia, wazazi wake ni wakulima wa viazi, na nilimpenda papo hapo kwa sababu alikuja na mkate uliojazwa mayai akanikatia nusu bila kuniuliza. Wana gari lenye mrija uliotokeza juu ya paa. Mrija unavuta hewa, mashine nyuma ya kiti inapima, na gari linazunguka mitaani polepole kutafuta mahali mabomba ya gesi yanapovuja.

Tulizunguka Landover asubuhi nzima, kwenye maghala, kwenye barabara pana zisizo na waenda kwa miguu, kwenye maegesho makubwa karibu na uwanja wa mpira ambayo siku hiyo yalikuwa matupu kabisa. Mlinzi mmoja alitufuata kwa gari lake na kutuuliza tunauza nini. Inés akamweleza tunanusa hewa. Akauliza kama inanuka. Inés akasema bado. Mlinzi akafikiri, akasema basi tunuse haraka.

Wakati tumesimama hapo, mistari kwenye skrini iliruka ghafla. Nikashtuka nikidhani tumepata bomba bovu. Inés hakushtuka. Alitazama nje, akachukua daftari, akaandika saa na maneno machache: lori limewasha injini upande wa kushoto. Baadaye kidogo mistari ikaruka tena, naye akaandika: mlinzi amekuja dirishani.

Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu asiye na neno, kama jioni huwa anaifuta miruko hiyo. Akasema hapana, kwa nini aifute? Anaiwekea alama na kueleza pembeni, na ile ya asili inabaki ilivyo. Mashine imemwona mlinzi, akasema, na mlinzi kweli alikuwepo.

Ningeweza kurudi Hyattsville jioni ile na kuirudisha grafu ya kweli, faili ilikuwepo. Sikuirudisha. Nilijiambia kwamba ya Inés ni gari na yangu ni shamba, na kwamba kesho ni kesho. Moyoni nilikuwa na kiburi tu: nilikwishaipenda ile shuka iliyopigwa pasi.

Chumba chenye saa ya ukutani

Walikuwa watu watatu mezani. Profesa Whitlow, mama mrefu mwenye nywele fupi, ndiye mwenye mradi. Aliniambia nimwite Ellen, na mimi ulimi ukakataa, nikabaki na "Profesa" mpaka mwisho. Pembeni yake alikaa mwenzake mwenye ndevu nyeupe, na mwingine ambaye hakusema neno ila aliandika sana.

Nilionyesha grafu yangu. Nilieleza vizuri, nafundisha kila siku, kueleza si shida yangu. Nilipomaliza, Profesa Whitlow akanishukuru, kisha akaweka grafu ya pili ukutani kando ya ya kwanza. Ilikuwa yangu pia. Ilikuwa ile niliyoituma mwezi wa sita pamoja na maombi, yenye miiba yake yote. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba wanayo.

Kabla sijavuta pumzi, yule wa ndevu akasema kwa adabu kwamba ana shaka nyingine iliyo kubwa zaidi. Nilikuwa nimetuma pia picha za kurasa za daftari langu. Maneno hawakuweza kuyasoma, lakini tarakimu wanazijua. Kila siku nimeandika jambo fulani saa 1:30, au 1:32, au 1:40. Mashine saa hizo iko kimya, dunia imelala. Miiba inakuja saa 7:30 asubuhi. Alishindwa kuona, akasema, namna daftari hili na mashine hii vilivyokuwa katika shamba moja.

Nilielewa anachosema. Alikuwa anasema, kwa upole wote, kwamba daftari nimelitunga. Miezi minne na nusu ya kuamka gizani na kukanyaga tope, na mtu amekaa kwenye kiti cha magurudumu ananiambia sikuwepo. Nilitaka kuwa mkali, lakini grafu ya uongo ilikuwa inaning'inia ukutani, na ilikuwa yangu, na iliufunga mdomo wangu.

Nikainua macho kutazama popote pasipokuwa na grafu. Ndipo nilipoiona saa ya ukutani, ya duara, ya kawaida kama ile ya ofisi yetu. Nikasimama, nikaisogelea, nikaweka kidole juu ya saba, nikakivusha moja kwa moja hadi upande wa pili. Kikatua juu ya moja.

Nikawaeleza kwamba kwetu saa za mchana zinaanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Saa moja ni saa ya kwanza ya mchana. Mashine niliiwekea saa zao kwa sababu haikujua nyingine, ila daftari niliandika kama ninavyoishi, na haikunijia hata siku moja kwamba kuna mtu atakayelisoma na hajui hilo. Yule wa ndevu akaitazama saa, akanitazama mimi, akajicheka kidogo na kuandika. Profesa Whitlow akasogeza maandishi yote mbele kwa saa sita. Kila mstari wa daftari ukatua juu ya mwiba wake. Hakuna uliokosa.

Hiyo ni grafu ya mwezi wa sita. Akaweka maandishi yale yale juu ya grafu ya siku ile, na yakatua juu ya shuka tupu.

"Kwa hiyo daftari ni la kweli," akasema taratibu. "Isiyo ya kweli ni hii. Nani ameifuta?"

"Mimi," nikasema. "Niliona haya."

Akaniomba niwasomee kilichoandikwa. Nikachukua daftari lenyewe kwenye mkoba na kuwafasiria. Saa moja na dakika thelathini na mbili, Mama Tusa amekuja, amesalimia mashine. Saa moja na nusu, Mama Tusa amekuja, anasema leo mashine ina sauti ya mafua. Ilikuwa feni, ilikuwa imeingia vumbi. Saa moja na dakika ishirini na nane, Mama Tusa anauliza kama inakula. Yule asiyesema akatabasamu na kuacha kuandika. Nikaendelea kufungua, nikafika ukurasa wa mwisho wenye jina lake.

"Saa moja na dakika arobaini," nikasoma. "Mama Tusa amekuja na fimbo. Hakuinama. Amesema ataisalimia kesho, leo mgongo umekataa."

Profesa akatafuta siku hiyo ukutani. Pale palipokuwa na miiba mirefu kila asubuhi kulikuwa na kijiinuko kidogo, cha mtu aliyepumua akiwa amesimama wima, hatua moja mbali. Baada ya hapo hakuna kitu, asubuhi kwa asubuhi.

"Na kesho yake?" akaniuliza.

Nikamwambia hakuja tena shambani. Baada ya wiki mbili tulimzika. Sauti yangu ilikuwa bado nzima mpaka hapo. Kisha nikasema lile nililokuwa nimelibeba tangu Landover, kwamba mashine yangu ndiyo kitu pekee duniani kilichoandika pumzi za mwanamke yule, na kwamba mimi nimemfuta Jumapili, sebuleni kwa kaka yangu, nikinywa chai. Nililia mbele ya watu watatu nisiowajua, na sikutafuta leso.

Profesa Whitlow hakuniambia pole, wala hakunishika bega. Alinisogezea maji, akangoja. Halafu akaniambia nafasi haiko mikononi mwake peke yake, na kufuta data bila kusema ni jambo zito, hawezi kulifanya jepesi. Akanitaka niandike ukurasa mmoja: nimeondoa nini, kwa nini, na nimerudisha nini. Nisiombe radhi, akasema, nieleze.

Niliuandika mchana ule ule kwenye meza ya jikoni ya Bi Mwanaidi, na mwiba mmoja mmoja nikaurudisha. Bi Mwanaidi alikuwa anageuza samaki. Nilimsimulia yote. Hakunitetea na hakunilaumu.

"Mrudishe mama wa watu mahala pake," akasema, "kisha uje ule."

Kurudi

Ambokile alinipeleka uwanjani. Njiani akasema, "Nilikushauri vibaya, dada. Pole." Nikamwambia ushauri ulikuwa wake, mkono uliofuta ulikuwa wangu. Neema alikuwa kiti cha nyuma. Tulipoagana aliniambia "kwaheri, shangazi," kwa Kiswahili, akaona haya akaficha uso. Ya kurudi hayana mengi. Ndege hazikuchelewa, basi halikukwama, na Makambako nilinunua viazi kwa heshima ya yule mzee.

Sasa jibu lenu. Barua ilikuja mwezi wa kumi na mbili, wakati nasahihisha mitihani. Nimepata. Nitaanza mwezi wa nane. Yule wa ndevu nyeupe, nimeambiwa, hakuridhika moja kwa moja, akaweka sharti: kabla ya kwenda nirudie msimu mzima pale pale, na mashine ile ile, na daftari lenye safu mbili za saa, ya kwao na ya kwetu. Inés kaniandikia kwamba grafu yangu ya mwezi wa sita wameibandika maabara, na kwamba kuna kijiinuko kimoja wamekizungushia kalamu.

Sharti hilo ndilo nalitimiza sasa. Mpunga umepandwa, jaruba ni la binti yake, Tusa, na pembe yangu ameniachia bure kama mama yake. Kila siku nipo pale kabla jua halijatoka. Ikifika saa moja na nusu, mstari unapita umenyooka mpaka mwisho, safi kama ule nilioutengeneza Gaithersburg, na siwezi kuutazama.

Kwa hiyo mkiwa mnapita njia ya mashambani asubuhi, msinikwepe eti mtaniharibia kazi. Simameni. Inameni pale kwenye kitundu, mseme neno, hata moja. Nitaandika jina na saa.